Digrii Kumi na Mbili Kushoto

Kioo kidogo cha nahodha wa umeme, ile mashine ya kuongoza boti, kilisema usukani umegeuka digrii kumi na mbili kushoto. Riwal alikuwa ameushika mkono wa usukani kwa kiganja chake mwenyewe, umenyooka katikati ya boti kama ulivyonyooka siku alipouchonga, na kioo kiliendelea kumkanusha bila haya. Mmoja kati yao alikuwa mwongo. Kabla hajaamua ni nani, mota ya usukani ilinguruma, ikausukuma mkono ule upande wa kulia ili kusahihisha kosa ambalo halikuwapo. Boti ikageuka, upepo ukaingia nyuma ya tanga, na boriti ya tanga ikapita juu ya kichwa chake kwa kishindo kilichotikisa mlingoti mzima.

Alijikuta amelala chali kwenye sakafu ya mbao, mzima, kofia yake ikielea nyuma kwenye povu. Alizima mashine. Akaushika usukani kwa mkono wa kushoto, maana bega la kulia lilikuwa limekwisha siku nyingi, akairudisha boti bandarini akiuma meno njia nzima.

Sisi wa bandari ya Porz-Melen tunamjua Riwal Kermorgant. Maisha yake yote alifanya kazi ya nyaya za simu, akastaafu, na nyumbani kwake hakuna kitu anachokiamini mpaka akiguse kwanza kwa mita ya umeme. Kanisani haendi ila kwa mazishi, na hata huko husimama nje na wavuta sigara. Watu wanaobandika watakatifu kwenye boti zao aliwacheka waziwazi. Lakini ole wako upande boti yake ukatamka jina la yule mnyama wa masikio marefu. Pwani hii jina hilo halitajwi majini, hata kama jana yake umemla nyumbani na vitunguu, na katika hilo Riwal alikuwa mkali kuliko wazee waliomfundisha. Ukimwuliza sababu, atakwambia ni adabu tu.

Boti yenyewe aliiunda kwa mbao nyembamba za kugandishwa, ndani ya ghala lililokuwa la viazi, majira ya baridi baada ya majira ya baridi, mpaka watu wakaacha kuuliza itakwisha lini. Aliiita Labous, yaani ndege kwa lugha ya wazee wetu. Siku ya kuishusha majini alikubali ibatizwe kwa sababu kila boti hapa hubatizwa, na mkewe Azenor akawa mama yake wa ubatizo. Padri hakuitwa. Azenor alivunja chupa, akasema maneno mawili, na Riwal akatangaza mbele ya umati kwamba ndani ya boti yake hataki medali wala vibandiko vya kanisa. Watu walicheka. Azenor naye alicheka, au tulidhani alicheka.

Halafu bega likafa. Daktari alisema limesagika na halitarudi. Mtu wa bega moja hawezi kukaa saa nyingi na usukani mkononi, basi Riwal akajitengenezea nahodha wa umeme: mota ya kifuta kioo cha gari, dira ya elektroniki, kompyuta ndogo ya kutosha mfukoni, na kihisi cha kuiambia kompyuta usukani umeelekea wapi. Miaka michache ilikwenda vizuri. Kisha ukaja mwaka huu, mashine ikaanza kuongopa, na boriti ya tanga ikaanza kumtafuta kichwa.

Azenor alisema alilosema mezani, akigeuza chapati nyembamba za ngano nyeusi juu ya bamba la moto, bila hata kumtazama.

"Mzee, tusidanganyane. Bega limekufa. Kama hilo dude lako haliwezi kukushikia usukani mpaka kisiwa cha Molène na kurudi kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, mwite Goulven aje aichukue hiyo boti."

"Goulven ataijaza chaza."

"Bora chaza ndani ya boti kuliko wewe chini yake."

"Litafika Molène."

"Basi lifike. Mimi nimeshachoka kukaa dirishani."

Riwal alikubali. Sikukuu ilikuwa katikati ya Agosti, na yeye aliona ni mbali. Goulven, binamu yake Azenor, mfugaji wa chaza mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alipata habari kabla meza haijafutwa. Kesho yake akampungia Riwal mkono kutoka kwenye trekta lake: "Shemeji, hujambo? Na nahodha wako wa umeme, keshapata cheti?"

Basi Riwal akaingia kazini. Kihisi chenyewe kilikuwa kitu kidogo kuliko kifungo cha koti. Kwenye ncha ya fimbo inayozunguka pamoja na usukani aligandisha kijisahani cha sumaku. Mbele yake, bila kukigusa, aliweka kipande cha elektroniki kinachosoma sumaku ile imeelekea wapi. Kihisi cha zamani kilikuwa cha kusuguana, na chumvi ilikila kila mwaka. Hiki kipya alikifunga mwaka huu, baridi ilipokwisha, kwenye kipande kilekile cha chuma kilichobeba cha zamani, ndani ya sanduku la tezini, nyuma ya boti, chini ya kiti cha nahodha. Alijisifu nacho sana. Hakina cha kusagika, alisema, kwa hiyo hakina cha kuharibika.

Alianza na nyaya, kama alivyofundishwa ujanani. Alizivua moja moja, akazikwangua, akazilehemu upya na kuzifunika kwa lakiri. Alikaza kiungo cha fimbo mpaka kikaacha kucheza. Alihamisha waya wa mota mbali na waya wa kihisi, isije ngurumo ya mmoja ikaingia kwa mwingine. Alichora nusu duara kwenye ubao, akagawa digrii kwa penseli, akawa anausogeza usukani kidogo kidogo huku akilinganisha ubao na kioo. Kumi kulia, kioo kikasema kumi kulia. Katikati, kioo kikasema sifuri. Boti imefungwa gatini, bahari imetulia, kihisi kilisema kweli kama mtoto anayejiandaa kwa komunyo. Jumatatu kilisema kweli, Jumatano kilisema kweli, hata Ijumaa jioni kilisema kweli.

Jumamosi, alipovuka mnara wa kuingilia bandari, kikaongopa.

Alikisia mtikisiko wa mawimbi. Akaipanda boti gatini siku ya upepo, akarukaruka ndani yake kwa miguu yote miwili huku watu wa bandari wakimtazama na kupeana viwiko. Kihisi hakikutikisika. Alikisia joto la injini, akaiwasha ikanguruma mchana kutwa mpaka mwenye boti ya jirani akaja kulalamika moshi. Kihisi kikakaa na sifuri yake. Kule baharini kwenyewe hakuweza kukichunguza, kwa sababu sanduku la tezini liko chini ya makalio ya nahodha, na kutumbukiza kichwa humo ukiwa peke yako, bega moja, usukani hauna mtu, ni kujitafutia mazishi.

Mwishowe aliwaandikia watu wa mtandaoni, wale wanaojitengenezea mashine kama yeye na kupeana ushauri usiku na mchana. Walimpa majibu mengi ya kitaalamu. Mmoja tu, mzee wa Tasmania ambaye hakupenda maneno mengi, alimjibu hivi: "Kifaa hakina kalenda. Kama kinaharibika siku moja tu ya wiki, acha kukitazama kifaa. Tazama ni nani anayekuja siku hiyo."

Riwal aliisoma sentensi hiyo akaifunga kompyuta. Baadaye akaifungua akaisoma tena.

Nani huja Jumamosi? Hakuhitaji kufikiri sana. Siku za kazi alikwenda bandarini kwa baiskeli, peke yake. Jumamosi Azenor alimpeleka kwa gari, na hakukubali kamwe Riwal abebe kikapu cha chakula. "Wewe nenda kasome ubao wa maji kupwa, mimi napanga vitu," ndivyo alivyosema kila mara, naye Riwal alikwenda kusoma ubao ambao alikuwa anaujua kwa moyo. Alipogeuka alimkuta Azenor anatoka botini, anajifuta mikono kwenye aproni. Wakati wa kurudi ilikuwa vilevile. Riwal akikokota tanga kwenda kulisuuza bombani, Azenor tayari yumo ndani, anakusanya vyombo. Vyombo gani hivyo? Chupa moja, kisu na kitambaa cha mkate.

Ukishaanza kutazama hivyo, hakuna kinachobaki kama kilivyokuwa. Riwal alikumbuka kwamba Azenor hakuuliza tena habari za mashine. Alikumbuka jinsi anavyonyamaza simu ikilia na yeye Riwal akiingia jikoni. Siku moja alishuka na baiskeli yake bandarini bila kutarajiwa, akawakuta Azenor na Goulven kwenye gati, Goulven ameshika kichwa cha utepe wa kupimia, Azenor ameshika mkia, Labous iko katikati yao kama ng'ombe wa mnada. Walikuwa wanacheka. Walipomwona wakaacha.

"Aa, shemeji," Goulven alisema, akiuachia utepe ujikunje. "Napima tu. Kupima si kununua."

"Na kucheka je?"

"Kucheka bado ni bure, namshukuru Mungu."

Azenor alisema chakula kiko mezani, akaondoka. Riwal alirudi nyumbani polepole, akisukuma pedali moja ya baiskeli baada ya nyingine. Hakuwa na wivu wa Goulven. Nani angemwonea wivu Goulven? Alichoogopa ni kwamba mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini alikuwa anashuka ndani ya boti yake, anaigusa sehemu moja anayoijua yeye, kisha anakaa dirishani kungojea aone kama atarudi.

Ijumaa alitega mtego. Alichukua uzi kwenye kikapu cha Azenor cha kushonea, uzi mwekundu, kwa sababu mweupe haukuonekana vizuri. Akaunyoosha kutoka kifuniko cha sanduku la tezini mpaka ukingo wa kiti, akaugandisha pande zote mbili kwa tone la nta ya mshumaa. Aliutazama kazi ilipokwisha. Ulikuwa mwembamba, umevutwa sawasawa, na mtu asiyejua asingeuona. Aliona aibu, lakini hakuutoa.

Jumamosi alikwenda kusoma ubao wa maji kupwa. Aliporudi Azenor alikuwa anatoka, anajifuta mikono.

"Nimekuwekea na keki ya siagi," alisema. "Usiimalize yote kabla ya mnara."

"Ahsante."

"Mbona unanitazama hivyo? Nina masizi usoni?"

"Huna kitu."

Alipoingia botini hakuketi. Aliinama. Uzi ulikuwa umekatika katikati, ncha zake mbili zimelala mbali mbali. Lililomtisha ni kwamba ndani ya uchungu wake kulikuwa na furaha. Alikuwa amepatia. Aliinua macho akamwona Azenor juu ya gati, anampungia mkono, naye akampungia. Angeweza kufungua kifuniko pale pale. Hakufungua. Alitaka kwanza aone mashine ikiongopa, ushahidi ukamilike, na tangu hapo nimejiuliza mara nyingi ni mtu gani anayekwenda baharini kwa makusudi na chombo anachoamini kimeharibiwa, ili tu awe na haki.

Kuvuka mnara, kioo kikasema digrii kumi na mbili kushoto. Riwal alikuwa ameshainama kabla boriti haijapita.

Safari hii hakwenda bombani kusuuza tanga. Alilitupa gatini limelowa, akapita moja kwa moja mpaka kwenye gari, akaingia, akafunga mlango. Alimwacha Azenor botini na vyombo vyake. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya samaki na ya mbwa wao aliyekufa zamani. Alikaa akitazama mbele bila kuona, mpaka macho yakamtulia juu ya dashibodi. Vumbi la barabara za mashambani lilikuwa limeifunika yote, isipokuwa duara moja dogo, jeusi, safi, ukubwa wa sarafu kubwa.

Azenor aliingia, akashtuka kumkuta.

"Umewahi leo."

"Nimewahi."

Aliwasha gari. Walipita maduka, wakapita kanisa, wakaingia kwenye mashamba ya artichoki, yale maua ya kijani tunayoyauza Paris na kuyala wenyewe kwa siagi ya chumvi. Riwal alingoja barabara inyooke.

"Nani amefungua kifuniko cha tezini leo asubuhi?"

"Kifuniko gani?"

Alikuwa amejiandaa kwa majibu mengi ila hilo. Azenor hakuwa mwongo. Katika miaka yote ile aliwahi kumwambia kweli nyingi ambazo angefurahi kudanganywa.

"Kifuniko cha sanduku la kihisi, Azenor. Kile ninachokikalia."

"Labda upepo."

"Upepo." Alikigusa kwa kidole kile kiduara cheusi juu ya dashibodi. "Na hapa palikuwa na nini?"

Azenor alilisogeza gari kando, magurudumu mawili yakaingia kwenye nyasi, akazima injini. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa medali ya shaba iliyofifia, akaiweka juu ya duara lile. Iliruka yenyewe kutoka vidoleni mwake ikanata: tak. Ilikuwa medali ya Mtakatifu Ana, bibi yake Yesu, amemshika binti yake mkono, ya aina ile ambayo zamani ilikuwa kwenye kila gari la nchi hii, yenye sumaku mgongoni.

"Ya baba," alisema. "Aliendesha gari la samaki miaka arobaini na hii mbele yake, na unajua alivyokuwa anakunywa. Hakugonga hata kuku."

Riwal alitoa dira ndogo aliyokuwa nayo mfukoni, ya kupandia milima. Aliisogeza polepole kwenye dashibodi. Sindano ilisitasita, ikaiacha kaskazini, ikamgeukia Mtakatifu Ana na kukaa hapo ikitetemeka.

"Unaibandika wapi?"

"Boti yako yote mbao. Nilijaribu huku na huku, inaanguka. Mahali pa kunata ni pamoja tu, kile kichuma mle ndani. Naibandika chini yake, usipopaona. Ukirudi naitoa, kwa sababu na mimi naendesha gari."

"Kichuma kilichobeba kihisi."

"Sijui kimebeba nini. Hukuwahi kunionyesha."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofunga hilo dude. Kila unapotoka. Mimi ndiye mama yake wa ubatizo, au umesahau?" Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Ungekataa, ndiyo maana sikukwambia. Ungenicheka mbele ya Goulven na bandari nzima. Wewe usiyeamini kitu, ambaye kwenye boti yako siruhusiwi hata kumtaja sungura."

Alilitamka jina lenyewe, wazi, ndani ya gari. Riwal alijikunja kidogo kama aliyepigwa kibao, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka bega likamuuma. Tangu siku ya kwanza! Miaka yote ile yule bibi mtakatifu alikaa chini ya kihisi cha zamani bila kumdhuru mtu, kwa sababu cha zamani hakikujua sumaku ni nini. Ni yeye, Riwal, kwa mikono yake na majivuno yake, aliyeleta kihisi kinachosikiliza sumaku na kukiweka mdomoni mwa sumaku. Alimweleza hayo yote harakaharaka, mikono ikichora hewani, jinsi kihisi kinavyosoma, jinsi medali ilivyokivuta digrii kumi na mbili, na jinsi kila Jumatatu alivyokuwa akitafuta kosa ambalo limeshapanda gari na kurudi nyumbani.

Azenor alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Kwa hiyo nusura nikuue," alisema.

"Hapana, sikiliza, si wewe, ni—"

"Nimesikia. Nusura nikuue na medali ya baba." Akatazama mashamba. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayekumbuka kitu jikoni: "Umejuaje kwamba kifuniko kilifunguliwa?"

Kicheko kilimkauka Riwal.

"Kulikuwa na uzi," alisema.

"Uzi gani?"

"Niliubandika jana. Juu ya kifuniko."

"Uzi wa rangi gani?"

Alitamani angesema mweupe. "Mwekundu."

"Ule wa kikapuni mwangu."

"Ndiyo."

"Ukachukua uzi kikapuni mwangu, ukanitegea mimi."

"Azenor, kifaa kilikuwa kinaongopa Jumamosi tu. Wewe huja Jumamosi. Halafu nikakuona na Goulven na ule utepe, nikadhani wewe na yeye..."

"Malizia."

Gari lililobeba kabeji liliwapita kwa kishindo, medali ikatetemeka mahali pake.

"Binamu yangu aliomba nimshikie ncha ya utepe," Azenor alisema. "Nikamshikia. Na leo asubuhi ulipanda boti ukijua nimeiharibu. Ukanipungia mkono." Aliwasha gari. "Mimi nilikuwa nakuogopea bahari. Kumbe wewe unaniogopa mimi."

Siku zilizofuata hawakugombana. Ingekuwa heri wangegombana. Azenor alipika, akafua, akajibu alichoulizwa. Riwal alichukua bamba dogo la chuma, akalipiga msasa mpaka likang'aa, akalikaza kwa misumari ya shaba ndani ya omo ya Labous, mbele kabisa, mbali na kihisi kadiri boti ilivyoruhusu. Alipima kwa dira na kwa kioo. Pale sumaku yoyote ingekaa bila kumdhuru mtu. Alipomaliza aliona bado kuna kitu kimepungua, akalichongea fremu ya mbao ya mpea, yeye aliyekataza vibandiko vya kanisa. Sisi tulioliona tuliuliza ni la nini, akasema ni la kazi yake.

Asubuhi ya safari ya Molène, siku chache kabla ya sikukuu, Azenor alimleta kwa gari kama kawaida. Alikiweka kikapu ukingoni mwa gati, akasimama hapo, viatu vyake sambamba na ukingo.

"Hupandi?" Riwal aliuliza.

"Nipande kufanya nini?"

"Nimetengeneza mahali. Omoni. Hapadhuru. Nimepima." Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo tangu alfajiri, na bado yalitoka kama ripoti. "Nataka uje uibandike. Mbele ya watu, kama unataka."

Uso wa Azenor ulilegea kidogo, halafu ukajikaza tena.

"Iko kwenye gari," alisema. "Iache ikae na mimi. Nami nahitaji wa kuniangalia."

Labous ilivuka mnara. Riwal alibonyeza kitufe, akaondoa mkono kwenye usukani, akatazama kioo. Sifuri. Upepo ulipoisukuma boti, kioo kikasema tatu kulia, na mkono wa usukani ulikuwa tatu kulia kweli. Kikasema mbili kushoto, na ukawa mbili kushoto. Nahodha wa umeme aliishika njia ya Molène kama mtu aliyezaliwa kwenye maji yale yenye mikondo mibaya. Hakuna boriti iliyovuka kichwa cha mtu. Riwal alikula keki yake ya siagi amenyoosha miguu, bega limepumzika, na ilikuwa ndiyo siku aliyoitamani tangu bega lilipokufa. Kila alipotazama mbele, macho yalipita mlango wa chumbani yakafika omoni, kwenye lile bamba linalong'aa tupu ndani ya fremu yake.

Alirudi alasiri, maji yamejaa. Gari halikuwapo gatini. Aliyekuwapo ni Goulven na trekta lake, akamrushia kamba akafunga mwenyewe.

"Kumbe limefika."

"Limefika."

"Kwa hiyo huuzi."

"Siuzi, Goulven."

Goulven alijikuna shingo. "Azenor aliniambia hutauza. Tangu siku ile ya utepe aliniambia. Alisema, pima ufurahi, lakini yule atalitengeneza dude lake hata kwa meno." Alilitazama trekta, akamtazama Riwal, akaona kuna jambo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakulifanyia mzaha. "Panda basi, shemeji. Nakupitisha mpaka njia panda."

Kutoka njia panda Riwal alitembea, kikapu kitupu mkononi. Gari lilikuwa uani, na kupitia kioo chake aliiona medali mahali pake juu ya vumbi. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa jikoni wanaoutumia siku zote. Ulikuwa wazi nusu. Redio ilikuwa inasoma hali ya bahari, na harufu ya siagi juu ya bamba la moto ilimfikia. Alinyoosha mguu kuingia, kisha akaurudisha.

Uzi mwekundu ulikuwa umekatiza mlango, usawa wa kifua, kutoka kwenye kitasa mpaka kwenye fremu. Ulikuwa umevutwa sawasawa, haukulegea popote, na pande zote mbili umegandishwa kwa tone la nta. Riwal aliinama akautazama kwa karibu. Alitafuta dalili ya mzaha, kifundo cha kuchekesha, ua, chochote. Ulikuwa uzi tu.

Ndani, redio ilipunguzwa sauti.

"Ni wewe?" Azenor aliuliza.

"Ni mimi."

"Limefika?"

"Limefika Molène na kurudi. Halikukosea hata digrii moja."

Ukasikika mlio wa chapati ikigeuzwa.

"Basi ingia," alisema. "Chakula kinapoa."

Sauti yake haikumwambia kitu. Riwal aliweka kikapu chini, akauinua mkono wake mzima mpaka karibu na uzi, akautafutia upande wa kupita, juu, kisha chini. Akabaki amesimama pale, akitafuta namna ya kuingia nyumbani kwake bila kuukata.